Nafuu Iliyobaki Kambini

Uongo ulionigharimu zaidi maishani mwangu ulikuwa wa neno moja, na tena haukuwa uongo kamili. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimeketi mbele ya meza katika kiwanda cha chai ya wakulima, upande wa Sosiot, huko Belgut, nikijaza fomu ya kuomba kazi ya karani wa majani. Swali la tisa liliuliza kama kwa sasa nimeajiriwa mahali pengine. Nikaandika: Ndiyo.

Nilikuwa nimeuza mitumba sokoni miaka miwili, na soko lilinifundisha kwamba huendi kuuliza bei ya mbuzi ukiwa umeshika kamba. Mwenye mbuzi akiona kamba anajua umekuja kununua, na bei inapanda. Mtu asiye na kazi anayetafuta kazi ni mtu aliyeshika kamba. Mimi niliificha yangu.

Mhasibu wa kiwanda alikuwa mzee wa hapo hapo Belgut, mwenye sweta moja ya kahawia kuanzia Januari hadi Desemba. Akasoma fomu yangu akiwa ameisogeza mbali na macho.

"Huko uliko wanakulipa ngapi?"

"Za kutosha, mzee. Ndiyo maana naona ugumu kutoka."

"Sisi tunaanza na elfu tatu mia nane na hamsini."

Nikaanza kukunja mwavuli wangu polepole, kama mtu aliyekumbuka kwamba anangojwa kwingine. Akakohoa. Akafika elfu nne. Nikasimama. Akafika elfu nne na mia moja, akasema hapo ndipo ukuta ulipo. Nilitoka nikipiga hesabu: mia mbili na hamsini kila mwezi kwa neno la herufi tano, shilingi hamsini kila herufi. Nilipofika barabarani nikahesabu tena, nikapata ile ile, nikajinunulia soda.

Sasa nieleze kwa nini haukuwa uongo kamili.

Mamangu alitoka kando ya ziwa akiwa msichana, akamfuata mume aliyekuwa akichuna chai ya kampuni juu ya mji wa Kericho. Mume akafa. Shamba la nyumbani mashemeji waligawana kabla sufuria za matanga hazijaoshwa. Mama akabaki na nyumba ya kambi: chumba kimoja na jiko, kuta za mawe, bati juu, bomba la maji nje. Nyumba hiyo haikuwa yake. Ilikuwa ya nambari. Kila mchunaji alikuwa na nambari. Iliitwa asubuhi watu wakihesabiwa, ikaitwa tena kwenye mizani, na iliandikwa kwa rangi juu ya mlango wake. Nambari ikitoka kitabuni, mlango unafungwa.

Mama alipofika umri wa kustaafu walimpa kiinua mgongo, wakamshika mkono, wakafuta nambari yake. Wiki hiyo hiyo mimi, niliyekuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata cheti kinachofaa kufungia sukari, nikaandikishwa: mia nne kumi na saba. Mlango ukapakwa nambari mpya, na Mama akalala kitanda kile kile.

Nilichuna mwaka mmoja na miezi miwili, nami nilikuwa mchunaji mbaya. Sheria ni majani mawili na chipukizi. Mimi nilileta matano na kijiti chake. Mama alikuwa akija kunisaidia. Pole pole msaada ukawa kazi, na kazi ikawa yake. Nilipokwenda kuuza mitumba, nambari yangu haikukosa hata siku moja. Karani wa mizani akiita, "Mia nne kumi na saba," Mama anaitika. Nyapara alijua. Manyapara wote walijua, kwa maana kambi nzima iliishi hivyo. Shangazi alichunia nambari ya mpwa, mke akachunia nambari ya mume aliyekwenda Nairobi na kusahau njia. Kambini mtu aliweza kuzeeka, kuhama, hata kufa, lakini nambari ilikuwa haifi. Na nyapara gani atamfukuza mwanamke wa miaka hamsini na saba anayeleta kilo arobaini, wakati wasichana wanaleta ishirini na tano na malalamiko?

Serikali ilipotaka kila mfanyakazi awe na pini, yaani nambari ya mlipa kodi, ofisi ya kampuni ilikusanya vitambulisho. Kitambulisho cha mia nne kumi na saba kilikuwa changu. Pini ikaja kwa jina langu, Mama akaifunga katika kitambaa kimoja na kadi yangu ya kliniki ya utotoni.

Kwa hivyo nilipoandika Ndiyo, vitabu vyote vya kampuni vilikuwa upande wangu.

Karatasi yangu ya kwanza ya mshahara kiwandani ilikuwa nyembamba, ya rangi ya waridi. Nilianzia chini, mahali pa kiasi cha kupeleka nyumbani, kama kila mtu. Halafu nikapanda juu kutafuta aliyenila. Kodi: mia nne na kumi. Chini ya kodi kulikuwa na mstari ulioandikwa Relief, yaani ile nafuu ambayo serikali humrudishia kila mfanyakazi ili mwenye mshahara mdogo asikatwe kitu. Mbele ya nafuu yangu kulikuwa na sifuri tatu na nukta. Msichana mwenzangu wa ofisini, mwenye mshahara kama wangu, alinionyesha yake. Nafuu ilikuwa imejaa. Kodi hakukatwa hata ndururu.

Mia nne na kumi haikuwa pesa ya kuchezea. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja karibu na soko, na cha pili, kilichopakana nacho, mwenye nyumba alitaka mia tatu na hamsini. Nilikuwa nimemwambia aningojee. Chumba hicho kilikuwa cha Mama. Mpango wangu ulikuwa huo tu: nipate chumba, Mama ashushe kikapu, akae. Magoti yake yalikuwa yameanza kulia akipanda mteremko, na kwenye chai ya Kericho hakuna mahali pasipo mteremko.

Nikampelekea mhasibu ile karatasi.

"Hii si makosa," akasema. "Wewe uliandika una kazi kwingine. Kompyuta ya makao makuu imekuweka kama mtu wa kazi ya pili. Nafuu ni moja kwa mtu mmoja. Inakaa kwa mwajiri wa kwanza."

"Na nikitaka ihamie huku?"

"Unafikiri ni ng'ombe, utaifunga kamba uilete?" Akacheka peke yake, kisha akaona sicheki. "Leta barua. Waandike huko kwamba umeacha kazi. Barua moja tu, msichana wangu. Mwezi unaofuata nafuu yako inaingia."

"Barua moja tu."

"Na uniletee wiki hii, kabla hawajafunga hesabu."

Nilirudi mezani kwangu. Barua moja tu: kwamba mia nne kumi na saba ameacha kazi. Kwa kuwa ameacha kazi, nambari ifutwe. Kwa kuwa nambari imefutwa, mlango ufungwe. Mama alikuwa analeta karibu elfu mbili na mia nne kwa mwezi mzuri, na maji ya bure, na kuni, na nyumba. Kule kambini nafuu yangu ilikuwa imelala tu. Mshahara wa Mama ulikuwa mdogo mno kuimaliza. Ilikuwa kama mwavuli ulioachwa kwa mtu asiyetoka nje, na mimi huku nanyeshewa.

Sikupeleka barua wiki hiyo. Wala mwezi huo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kupima majani kwenye kituo cha kununulia. Wakulima walikuja na magunia, mimi nikatundika, nikasoma, nikakata uzito wa gunia, na mvua ikiwa imenyesha nikakata na maji. Hapo ndipo nilipopata jina baya. Mama mmoja wa kijiji alizoea kuniambia, "Karani, siku moja utakata hata kivuli changu," na foleni yote inacheka. Mwisho wa mwezi nami nilisimama kwenye foleni yangu ya kukatwa.

Nilijaribu mlango wa kwanza mwezi wa tatu. Kampuni ilikuwa ikiwapa zawadi wachunaji wenye kilo nyingi, na mwaka huo mia nne kumi na saba akawa wa tatu katika divisheni nzima. Zawadi ilikuwa blanketi. Lakini lilipaswa kuchukuliwa na mwenye kitambulisho, kwa sahihi yake mwenyewe. Kwa hivyo niliomba ruhusa kiwandani nikaenda kupokea zawadi ya kuchuna chai ambayo sikuigusa.

Karani mkuu wa kampuni ndiye aliyegawa. Alikuwa mtu mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, nyeusi, bluu na nyekundu. Watu walikuwa wamekaa kwenye nyasi mbele ya ghala, Mama akiwa nyuma kabisa, amejifunika leso kichwani.

"Hongera, mia nne kumi na saba."

"Asante, bwana karani."

Alinishika mkono, hakuniachia. Akaugeuza kama anayekagua ndizi. Vidole vya mchunaji huwa vyeusi, utomvu wa chai umeingia kwenye nyufa, hata Jumapili ya Pasaka hautoki. Changu kimoja kilikuwa na wino wa bluu.

"Unapaka mafuta gani, dada?"

"Ya kupikia tu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaniachia, akaita nambari iliyofuata.

Sherehe ilipoisha nilimfuata ofisini, blanketi kwapani.

"Nimekuja kuuliza kitu cha mtu mwingine," nikasema.

"Siku hizi watu wengine wana shida nyingi sana. Kaa."

"Mtu akitaka barua ya kuacha kazi, inachukua muda gani?"

"Dakika kumi. Naandika nakala tatu. Moja ya mwenyewe, moja ya mishahara, moja ya nyumba."

"Na ile ya nyumba ikichelewa kidogo?"

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama mwaka."

Akatoa kalamu nyekundu, akaitazama, akairudisha. Nikapunguza. Miezi sita. Nikashuka mpaka miezi mitatu, na huko sokoni mtu akishuka hivyo muuzaji huwa ameshaanza kufunga bidhaa. Yeye alitazama dirishani, ambako mvua ya saa tisa ilikuwa imeshaanza kupiga bati.

"Sikiliza, dada. Nimebakisha miaka minne nistaafu. Hata nyumba yangu mimi ina nambari." Kisha akasema, "Huo mkono wako sijauona. Blanketi ni zito, mwambie mwenye kilo alale vizuri."

Nilimpa Mama blanketi pale penye njia ya kambi. Alilipima kwa mikono kama gunia, akasema ni kilo mbili na nusu, na kwamba la mwaka ule mwingine lilikuwa zito zaidi. Sikumwambia lolote kuhusu barua.

Mlango wa pili ulikuwa ofisi ya kodi, mjini. Niliingia nikijua kwamba kila bei ina mlango wa nyuma. Afisa alikuwa kijana mwenye tai fupi, na nilikuwa nimejiandaa kumchukia, ila alinipa kiti.

"Nataka kuhamisha nafuu," nikamwambia. "Kazi ya kwanza haiitumii. Ya pili inaihitaji. Serikali haipotezi kitu. Ni kutoa mfuko huu na kutia mfuko huu."

"Dada, hapa hatuuzi nyanya."

"Najua. Nyanya ningekuwa nimeshapata."

Alitabasamu. Akafungua droo akatoa fomu ndefu. Akanieleza vizuri, bila haraka, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. Mwisho wa mwaka nikusanye karatasi za kodi za waajiri wote wawili, nijaze mapato yote, nafuu ihesabiwe mara moja kwa jumla, na nilichokatwa zaidi nirudishiwe. Nilikuwa nimekuja na karatasi zote mbili kwenye mfuko wa plastiki, zile za mwaka uliokuwa umeisha, miezi miwili yangu ya kwanza kiwandani ikiwamo. Nikasema basi tuanze na hizo, nijue njia.

Akaanza kujaza kwa penseli.

"Kazi ya kwanza ni ya nini?"

"Kuchuna majani."

"Na ya pili?"

"Karani wa kupima majani."

"Kazi mbili za majani. Kuchuna ni saa ngapi?"

"Asubuhi mpaka jioni."

"Na kupima?"

Nikatazama penseli. Mtu anayehesabu kila kitu mara mbili angepaswa kuwa amehesabu hilo angalau mara moja.

"Asubuhi mpaka jioni," nikasema.

Aliweka penseli chini. Akasoma kwa sauti ya chini yale maneno yaliyo mwisho wa fomu, kwamba anayesaini anaapa yote ni kweli, na kwamba asiyesema kweli kuna faini na kuna jela. Hakuyasoma kwa vitisho. Aliyasoma kama mtu anayemwonyesha mgeni mahali penye shimo.

"Umesema unatoka upande gani, dada?"

"Sijasema."

"Vizuri." Akafuta majibu yangu kwa raba, akapuliza vumbi, akanirudishia fomu ikiwa nyeupe. "Hiyo ni yako. Uje nayo siku ukiwa mtu mmoja."

Baada ya hapo niliacha kubisha milango. Kila mwezi nilipokea karatasi ya waridi, nikatazama sifuri zangu, nikazikunja. Nilijiambia kwamba mia nne na kumi ni kodi ya nyumba ya Mama, tena ni bei nzuri kwa nyumba ya mawe. Ukiichukua hivyo, hata ninapata faida. Nilikuwa nikijiambia hivyo hasa nikipita mbele ya kile chumba cha pili.

Jumapili moja nilifika kambini nikiwa nimelowa. Mama alitundika koti langu karibu na moto, akatoa vilivyokuwa mfukoni visilowane. Nilikuwa nakunywa uji. Nilipoinua macho alikuwa amekaa kwenye kigoda, karatasi mbili mapajani: moja ya waridi, yangu, na moja nyeupe, ya kampuni.

Mama hakujua kusoma maneno. Tarakimu alizisoma kuliko mimi. Miaka thelathini ya kumchunga karani wa mizani asimwibie nusu kilo ilimfundisha.

"Hizi pini ni moja," akasema.

"Ndiyo, Mama. Ni jina moja."

"Hii yangu kwenye huu mstari imeandikwa pesa. Hii yako imewekwa mayai matatu."

"Ni mambo ya ofisi."

"Ofisi sijui. Mimi naongea na karatasi." Akapitisha kidole cheusi kwenye mstari wangu, akarudi kwenye wake. "Kwa hivyo nimekalia yako."

"Hujakalia kitu cha mtu."

"Ni tangu lini?"

"Tangu nianze."

"Miezi saba," akasema, nami sikuwa nimemwambia idadi. "Na kile chumba ulisema kinalipwa ngapi?"

"Mia tatu na hamsini."

"Na haya mayai yakitoka?"

"Mia nne na kumi."

"Inabaki sitini."

"Sitini."

"Mafuta ya taa," akasema Mama.

Niliona anakokwenda, nikamkata njia. Nikamtajia elfu mbili na mia nne anazochuna, nikamtajia kuni, maji, nikamwambia hakuna mtu mwenye akili anayeuza ng'ombe anunue maziwa. Nilipatana naye bei kama sijawahi kupatana na mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaokota kijiti akasukuma moto.

"Usifanye kitu, Mama."

"Nimesikia, nyathina," akasema. Hivyo ndivyo aliniita, mwanangu, kwa lugha ya kwao. Nami nilijua tangu utotoni kwamba nimesikia ya Mama si nitafanya.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi uliofuata. Mvua ilikuwa imekatika, magunia yalikuwa yanavuja, na foleni ya kituo changu ilifika barabarani. Nilikuwa nimeinamia daftari. Niliposema, "Anayefuata," mbele yangu hakukuwa na gunia la majani. Kulikuwa na Mama, mzigo umefungwa mgongoni kwa lile blanketi, sufuria mbili mkononi, na kuku chini ya kwapa.

Akaweka bahasha juu ya mizani.

"Pima hii," akasema.

"Na usikate maji," akadakia yule mama wa kijiji nyuma yake, na foleni ikacheka.

Ilikuwa barua moja tu, dakika kumi. Mia nne kumi na saba ameacha kazi kwa hiari yake. Karani mkuu alitumia kalamu ya bluu. Mama alikuwa amekwenda mwenyewe, akamwambia kwamba mwenye nambari amepata kazi nzuri na hatarudi, na kwamba yeye ni mamake tu, ametumwa. Karani akamuuliza kama ana hakika. Akajibu kwamba ametumwa.

Jumamosi asubuhi na mapema nilikuwa mbele ya meza ya karani mkuu na ile barua, kuirudisha, kama mtu anayerudisha kiatu kilichombana.

"Nambari imeshachukuliwa," akasema. "Msichana wa kutoka Boito. Alikuwa amengoja tangu Februari."

"Hata siku tatu hazijaisha."

"Dada, foleni ya nambari ni ndefu kuliko ya kanisa."

"Basi mwandike Mama kama kibarua. Wa siku kwa siku. Bila nyumba."

"Kwa umri gani?" akauliza, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hakupenda jibu lake mwenyewe.

Nilipitia kambini. Mlango ulikuwa umepakwa rangi, na nambari mpya ilikuwa bado haijakauka.

Jumatatu nikampelekea mhasibu barua. Alifungua faili langu, akasoma fomu ya kwanza, ile yenye swali la tisa, akasoma barua, akarudi kwenye fomu. Hakuwa mjinga. Wakulima wa Belgut wana jamaa kwenye kambi zote.

"Uliacha kuchuna lini, hasa?"

"Kabla sijakuja hapa, mzee. Zamani."

"Sasa hii mia mbili na hamsini niliyokuongezea, tulikuwa tunashindana na nani?"

"Na mamangu," nikasema.

Alifunga faili. Ile mia mbili na hamsini hakuigusa, na mambo hayo hatukuyazungumza tena. Aliniambia tu kwamba nafuu itaanza mwezi ule, lakini ya nyuma, miezi minane, kiwanda hakiwezi kurudisha. Hiyo nikaidai kwa serikali, kwa ile fomu ndefu. Nilikuwa nayo nyumbani, nyeupe, imekunjwa mara nne. Miezi minane mara mia nne na kumi: elfu tatu mia mbili na themanini. Ili nizidai ningeandika nilikuwa nachuna saa ngapi. Nilihesabu mara ya pili, nikitumaini nimekosea. Sikuwa nimekosea.

Kile chumba cha pili mwenye nyumba alikuwa amekipa mwalimu mwezi mmoja kabla. Alinisubiri vya kutosha, akasema. Kwa hivyo Mama na mimi na kuku tukakaa katika chumba kimoja, pazia katikati. Alfajiri nilikuwa nikimsikia anaamka saa ile ile ya kuitwa nambari, anakaa kitandani, kisha analala tena. Alijaribu kupata kibarua kwenye mashamba ya wakulima wa pale, lakini wao huchuna na watoto wao, na mgeni mzee hawakumjua. Vidole vyake vilianza kuwa vyeupe. Hilo lilimsumbua kuliko magoti.

Mwisho wa mwezi nikarudi na karatasi ya waridi. Alikuwa amengoja mlangoni. Aliichukua kabla sijavua viatu, akaenda nayo penye mwanga, akashuka mistari kwa kidole mpaka kwenye nafuu. Mayai hayakuwepo.

"Mia nne na kumi," akasoma.

"Ndiyo, Mama. Imeingia."

Midomo yake ikatembea kidogo, nami nilijua anajumlisha mia ngapi na anatoa elfu ngapi, maana hesabu hiyo nilikuwa nimeshaifanya mara mbili njiani. Kisha akaigeuza ile karatasi, akatazama kama upande wa pili kuna pesa nyingine.